Vitesi kumi zinapita vitesi ine?

 

Mwezi huu barua moja tu itashika ukurasa wetu wote, juu nyuma ya barua hiyo kuna feza ya jamaa nzima. Binti mumoja wa Likasi ametuandikia. Baba yake ametumika miaka 31 katika kazi ya shaba, na sasa amepokea dekonti yake ya mwisho. Muzee anataka kununua motokari ya taksi, ili watoto wadogo wamalize masomo. Hapo vita ikaanza nyumbani. Tusome maneno ya binti mwenyewe:

«Yaya wetu ameona jipu moja kubwa pale banauzishaka motokari. Anasema: Baba, hii iko na bwati otomatiki ya vitesi kumi, tutaikodisha kwa kampani, tutapata feza mingi. Baba anasema hapana, yeye anataka ile Toyota ndogo ya vitesi ine, juu anaijua. Yaya anajibu: Kumi inapita ine, hata mutoto wa primeri anajua. Lakini bei ya ile jipu itamaliza dekonti yote, hata franka moja haitabaki. Sasa ni wiki mbili Baba na Yaya hawasemezane. Mama analia. Mutuambie, motokari inaomba vitesi ngapi kabisa?»

Binti yetu, asante kwa kutuuliza mbele feza haijatoka mufukoni. Wengi wanatuuliza nyuma. Tutajibu polepole, ili na wasomaji wengine wafaidike.

1. Juu ya nini motokari inaomba vitesi

Tuanze na kinga. Umefunga gunia la makala nyuma, na barabara inapanda mulima. Miguu yako iko na nguvu, lakini nguvu hiyo iko na kipimo chake. Ukikanyaga polepole sana, kinga inasimama. Ukikanyaga mbio sana, unachoka bure. Mwenye kinga ya vitesi anahamisha munyororo: kwa kupanda, miguu inazunguka mara nyingi na gurudumu linazunguka kidogo. Kwa barabara ya sawasawa inakuwa kinyume.

Moteri ya esansi ni vilevile. Motokari ikisimama mahali pamoja, moteri inazunguka karibu mara 700 ao 800 kwa dakika. Ikilazimishwa sana inafika 6000 hivi. Lakini ili itumike vizuri bila kula esansi mingi, inapenda kukaa chini ya katikati, tuseme kati ya 1500 na 2500. Na magurudumu yanaombwa kwenda kutoka sifuri mpaka kilometa 100 kwa saa. Bwati ya vitesi njo inasimama kati ya hao wawili na kuwapatanisha.

Kwa bwati manueli, mukono wako na ambreyaji njo vinafanya kazi. Kwa otomatiki, mahali pa ambreyaji kuna kitu kama feni mbili zinazotazamana ndani ya mafuta. Moja inazungushwa na moteri, inasukuma mafuta, na mafuta yanazungusha ya pili. Mafundi wanaiita konvertiseri. Nyuma yake kuna magurudumu ya meno yaliyopangwa kama jua na nyota zinazolizunguka. Mafuta yenye kusukumwa kwa nguvu yanashika moja na kuachilia lingine, na hivyo vitesi inabadilika. Ukumbuke ile konvertiseri: wakati motokari inaondoka, yenyewe inaweza kuongeza nguvu ya moteri karibu mara mbili.

2. Namba ilishuka, kisha ikapanda

Yaya anafikiri kwamba zamani vitesi zilikuwa kidogo, na kila mwaka zimeongezeka, sawa vile mutoto anavyokua. Haikuwa hivyo.

Bwati otomatiki ya kwanza iliyouzwa kwa wingi ni Hydra-Matic ya kampani General Motors ya Marekani. Iliwekwa ndani ya Oldsmobile za mwaka wa 1940. Ilikuwa na vitesi ngapi? Ine! Lakini miaka kumi nyuma yake, mwaka wa 1950, kampani hiyohiyo ilitoa Powerglide ya Chevrolet yenye vitesi mbili tu, na ilitengenezwa mpaka mwaka wa 1973. Namba ilishuka. Juu ya nini? Moteri za Marekani zilikuwa kubwa, esansi ilikuwa ya bei ndogo, na konvertiseri ilifanya kazi iliyobaki. Watu walitaka motokari iende bila kushtuka-shtuka. Vitesi mbili ziliwatosha.

Mwaka wa 1956 Chrysler ilileta vitesi tatu. Kisha mwaka wa 1973 bei ya petroli ikapanda katika dunia nzima, na wenye kutengeneza motokari wakaanza kuhesabu kila tone. Vitesi ine zikawa desturi katika miaka ya 1980. Mwaka wa 2001 BMW ilitoa motokari yenye bwati ya vitesi 6 iliyotengenezwa na kampani ZF ya Ujerumani. Mercedes-Benz ilifika 7 mwaka wa 2003, Lexus ya Japani ilifika 8 mwaka wa 2006, ZF ikafika 9 mwaka wa 2013, na Ford ikaweka vitesi 10 ndani ya pikapu yake F-150 ya mwaka wa 2017.

Sasa tuulize: kutoka ine mpaka kumi, faida imeongezeka namna gani?

3. Hesabu ya kweli

Fundi mwenye akili hahesabu vitesi tu. Anatazama vitesi ya kwanza na ya mwisho. Kila vitesi iko na namba yake. Namba 2,85 maana yake: moteri inazunguka mara 2,85 ili mahali pa kutokea kwa bwati pazunguke mara moja. Ukigawanya namba ya vitesi ya kwanza kwa namba ya vitesi ya mwisho, unapata upana wa bwati, ni kusema umbali kati ya nguvu ya kupanda mulima na wepesi wa kukimbia. Twaa kalamu, tufanye pamoja:

Powerglide ya vitesi 2: ya kwanza 1,82, ya mwisho 1,00. Upana 1,8.

Bwati ya Toyota ya vitesi 4 inayoitwa U340E, ambayo iko ndani ya motokari ndogo nyingi: ya kwanza 2,85, ya mwisho 0,70. Upana 4,1.

Bwati ya ZF ya vitesi 8, iliyotoka mwaka wa 2009: ya kwanza 4,71, ya mwisho 0,67. Upana 7.

Bwati ya Ford ya vitesi 10: ya kwanza 4,70, ya mwisho 0,64. Upana 7,3.

Umeona? Kutoka 2 mpaka 4, upana umepita mara mbili. Kutoka 4 mpaka 8, umeongezeka sana tena. Lakini kutoka 8 mpaka 10, umesogea kidogo tu. Zile vitesi mbili za juu hazikuongeza barabara mupya. Zimeongeza ngazi katikati ya ngazi zilizokuwa.

Ngazi fupi ziko na faida, hatukatai. Kwa ile Toyota, ukitoka vitesi ya kwanza kwenda ya pili, moteri inashuka kutoka 4000 mpaka karibu 2200. Ni kuruka kukubwa, na unaisikia. Kwa ZF ya vitesi 8 inashuka kutoka 4000 mpaka karibu 2700. Ni vizuri zaidi, moteri inabaki karibu na nguvu yake. Lakini kwa Ford, kutoka vitesi ya kenda kwenda ya kumi, namba inatoka 0,69 na kufika 0,64. Kama moteri ilizunguka mara 2000, sasa inazunguka karibu mara 1860. Sikio lako halitajua.

Na esansi? ZF yenyewe ilitangaza kwamba bwati yake ya vitesi 8 inapunguza esansi karibu 6 kwa mia kuliko ile ya vitesi 6. Tufanye hesabu ya taksi. Kama taksi inakunywa lita 10 kwa siku na inatumika siku 300, ni lita 3000 kwa mwaka. 6 kwa mia ni lita 180. Si kitu bure! Lakini angalia: hesabu hiyo ni ya motokari mbili zenye uzito sawa na moteri sawa. Jipu ya tani mbili yenye vitesi kumi itakunywa kupita motokari ndogo ya tani moja yenye vitesi ine. Uzito unashinda vitesi. Tena, taksi ya mji ni mara chache inapita kilometa 60 kwa saa. Zile vitesi za mwisho zitalala tu, na wewe umezilipa.

Basi juu ya nini wakubwa wa Ulaya na Marekani wanaziongeza? Kwao sheria inapima moshi na esansi ya motokari zote ambazo kampani inauzisha. Anayeuza motokari mamia ya maelfu, hata 1 kwa mia kwake ni feza mingi. Barabara zao pia ni ndefu na za kukimbia. Wao hawana makosa. Lakini hesabu yao si hesabu ya muzee wa Likasi mwenye motokari moja.

4. Tazama kamyo za karyeri

Yaya, wewe umekulia kwenye shaba. Tukupe mufano wa karyeri. Kamyo ya Caterpillar 777 inabeba karibu tani 90. Iko na bwati otomatiki ya vitesi 7 za mbele. Kamyo ya Komatsu 930E inabeba karibu tani 290. Iko na vitesi ngapi? Haina bwati ya vitesi hata moja. Moteri yake ya mazutu inazungusha jenereta, na umeme unazungusha moteri zilizo ndani ya magurudumu ya nyuma. Kamyo inayobeba mara tatu ya mwenzake haina vitesi. Kama kumi inapita ine sawa vile unasema, sifuri imewezaje kupita saba?

Motokari za umeme zinazoongezeka sasa katika dunia, nyingi ziko na vitesi moja tu. Porsche Taycan ya mwaka wa 2019 ilipowekewa mbili nyuma, watu walishangaa. Sababu ni hii: moteri ya umeme iko na nguvu tangu sifuri, na inaweza kuzunguka mara zaidi ya 10 000 kwa dakika bila kulalamika. Haiombi musaada mwingi. Na kobalti ya batri nyingi, sehemu kubwa imetoka katika udongo wetu hapa, na shaba pia inatoka huku.

Vitesi ni dawa ya uzaifu wa moteri. Mutu hahesabu vidonge ili ajue nani iko na afya kupita mwenzake. Anauliza kwanza: ugonjwa ni gani?

Jibu letu basi: kwa motokari ndogo ya mji, vitesi 4 zinatosha, 5 ao 6 ni vizuri zaidi. Kwa motokari nzito ya safari ndefu ao ya kuvuta mizigo, 6 mpaka 8. Zaidi ya 8, faida iko, lakini ni ndogo, na pengine atakayeifurahia ni mwenye kutengeneza kupita mwenye kununua.

5. Kinachoua bwati

Ndugu musomaji, bwati nyingi hazikufa juu ya namba ya vitesi. Zimekufa juu ya mambo haya:

Mafuta. Wauzaji wengine watakuambia mafuta ya bwati hayabadilishwe hata siku moja. Usiwasikie. ZF yenyewe inashauri kubadilisha kati ya kilometa 80 000 na 120 000. Na motokari ya okazioni, hujui yule wa kwanza alifanya nini. Tena kila bwati iko na mafuta yake. Ziko Toyota na Nissan nyingi zisizo na vitesi za meno, zinatumia mukanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili. Ukizitilia mafuta ya bwati otomatiki ya kawaida, utaziua. Soma kitabu ao maandiko ya bwati mbele ya kumimina.

Kusukuma na kuvuta. Manueli ikikataa kuwaka, vijana wanasukuma na inawaka. Otomatiki haiwaki hivyo, hata mukisukuma mpaka Kolwezi. Na ikivutwa na kamba wakati magurudumu yanayoendeshwa na moteri yanagusa barabara, pompi ya mafuta haizunguki, meno yanajisaga makavu. Iinuliwe hayo magurudumu, ao ibebwe juu ya kamyo.

Haraka. Usitoe Rivasi kwenda mbele kabla motokari haijasimama kabisa. Usiweke P wakati magurudumu yanazunguka. Na kwa mulima wa kushuka, usiweke N ili kuokoa esansi. Weka 2 ao L, moteri ishike motokari, freni zisichome moto.

6. Mbele ya kununua

Baba wa Likasi, enda na fundi wako mwenyewe, si fundi wa muuzaji. Mukute moteri ikiwa baridi. Muiwashe, mukanyage freni, mutie R, kisha D. Kama inakawia kushika, ao inapiga kishindo, muwe na mashaka. Muendeshe kwa mulima: moteri ikipiga kelele lakini motokari haiongezi mwendo, bwati inateleza ndani. Kama kuna kijiti cha kupimia mafuta ya bwati, mukivute na munuse. Mafuta mazuri ni mekundu na safi. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, murudi nyumbani na feza yenu.

Kisha muulize maulizo mawili. La kwanza: nani hapa Likasi anajua kufungua bwati hii na kuifunga tena? Bwati ya vitesi ine ya Toyota, mafundi wameizoea, na pieze zake zinapatikana. Bwati ya vitesi kumi inaomba kompyuta ya kuisoma, mafuta yake ya pekee, na fundi aliyeifundishwa. Fundi huyo akiwa mbali, jipu itasimama kwenye kiwanja miezi, na mutoto atafukuzwa masomo juu ya minerval. La pili: kiisha kununua, kunabaki feza gani? Kama dekonti yote imeingia ndani ya motokari, siku bwati inalia mutaikopa wapi?

Kwako Yaya. Hukudanganya. Vitesi kumi ni kazi kubwa ya akili, na kutazama mbele ni vizuri. Wazo lako la kukodisha kwa kampani si baya. Lakini lete kwanza karatasi ya kampani, yenye muhuri na bei na muda. Kama karatasi haiko, unaomba Baba aweke miaka 31 juu ya neno «tutaona». Enda umusalimie, uketi chini, umuambie: Baba, tufanye hesabu pamoja.

Kwako Baba, kwa heshima yote. Juu ya motokari tunaona uko na haki. Juu ya wiki mbili za kunyamaza, hapana. Kijana huyu njo atakayeendesha ile Toyota na kuamka usiku ikiharibika. Ukinunua bila yeye kuelewa, utakuwa umenunua motokari bila shofere.

Na kwako binti yetu: usome ukurasa huu kwa sauti, wote wakiwa mezani, na Mama awe wa kwanza kusema neno lake.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Kitu gani tulikinunua juu ya namba iliyoandikwa, si juu ya kazi tuliyotaka kifanye?

2. Kama tunataka kununua kitu cha feza kubwa, nani anaulizwa kwetu? Mama anaulizwa? Watoto wakubwa wanaulizwa?

3. Kiisha kununua, tumeweka feza gani pembeni kwa siku ya kuharibika?

Tuonane mwezi ujao. Mubaki muzuri.